Kipa wa Ligi

Harufu ya pedi za kipa wa hoki haitoki. Unaweza kuzianika juani siku tatu, ukazipangusa kwa siki, ukazifukiza udi kama nguo za harusi; siku ya nne ukilifungua begi, jasho liko palepale, limejificha ndani ya sponji linakungoja. Mwanangu ameanza kudaka mwaka huu katika timu ya skuli yao. Kila nikimpitia mazoezini kule Al Khoudh hulitupa begi lake kiti cha nyuma, nami huendesha mpaka nyumbani Mabela nimeshusha vioo vyote vinne, kiyoyozi kinapoza barabara.

Wiki iliyopita nilikuwa namsubiri nje ya uwanja, bwana mmoja wa rika langu akaja kusimama karibu. Akaniuliza yule kipa ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la mume wangu, halikumtosha. Watu wetu hawatulii mpaka wakufikishe kwa babu. Nikamtaja baba yangu. Uso ukamfunguka.

"Allah yarhamu," akasema. "Mzee Suleiman alikuwa kipa hodari. Lakini ile fainali."

Nimeshachoka kujibu. Baba yangu alichora ramani za ardhi serikalini mpaka akastaafu, akalea watoto wanne, akamuuguza mama yake miaka sita bila kumwachia mtu baki, na alidaka hoki miaka kumi na zaidi. Ukiwauliza watu wa umri fulani hapa Maskati, yote hayo ni utangulizi. Habari yenyewe ni mpira mmoja uliopita jioni moja upande wake wa kushoto. Hata siku ya maziko yake kuna mtu aliyemwambia kaka yangu, mkono bado uko kwenye mkono wa rambirambi, kwamba marehemu Mungu amsamehe, lakini siku ile alichelewa kwenda chini.

Kwa hiyo nitaieleza mimi. Nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka saba. Tulikaa Bawshar, kabla ya maduka makubwa, wakati baina ya nyumba na nyumba kulikuwa na kiwanja cha changarawe cha kutosha mechi mbili kwa pamoja, na nyuma ya nyumba ya mwisho milima imesimama myeusi, mikavu, haina hata jani. Nyumbani tulisema Kiswahili, nje ya geti Kiarabu, na uwanjani vyote viwili na vingine vya Kihindi vilivyoingia pamoja na magongo. Wazee wetu walikuja na hoki kutoka Unguja kama walivyokuja na mapishi yao. Klabu ya baba ilikuwa nusu watu wetu, nusu wengine, na nahodha wake alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, Ammi Khalfan, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya muadhini. Binti yake Zuwena alikuwa sahibu yangu. Tulipanda gari moja kwenda skuli, tukagawana mkate mmoja wa mayai.

Baba alikuwa kipa wa kufikiri. Hakuwa mkubwa wa mwili wala hakuwa mwepesi sana. Kazi yake ya ramani ilimfundisha pembe, na pembe alizipeleka golini. Jioni moja alinisimamisha mbele ya geti letu, akaniambia nifunge jicho moja nimtazame. Akisimama mlangoni kabisa, niliona nafasi huku na huku. Akija mbele hatua tatu, geti lote likapotea nyuma yake.

"Umeona?" aliniuliza. "Sijaongezeka hata kidogo. Nimekutokea tu."

Msimu ule aliwatokea watu wote. Ligi nzima aliruhusu magoli ya kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili, na vidole vingine vikabaki. Sokoni walimsalimia kabla hajashuka garini. Muuza samaki alimchagulia changu mwenye macho maangavu bila kuombwa. Mimi nilitembea mbele yake kama niliyemzaa.

Baada ya ligi kulikuwa na mtoano: timu nne za juu, nusu fainali, kisha fainali. Sasa hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa watu wazima, na sasa mimi mwenyewe ni mtu mzima. Miezi mitano ya kazi, kisha mechi mbili, na hizo mbili ndizo hukumu. Kama mwalimu angekupa alama za mwaka mzima, kisha akazichana kwa sababu ya jibu moja la siku ya mwisho, mzazi gani asingekwenda kugonga mlango wa mkuu wa skuli? Lakini kwa kipa wote wanaona ni sawa.

Nusu fainali tulishinda. Fainali ilichezwa baada ya Alasiri, na bibi yangu mzaa baba alikwenda nasi, kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakushuka. Alikaa kwenye gari, kiyoyozi kinanguruma, akatazama mechi kupitia kioo cha mbele. Alisema hapendi makelele. Nadhani hakupenda kuonekana anaogopa.

Mpaka karibu na mwisho hakukuwa na goli. Baba alitoa kila kitu: kwa mguu, kwa gongo, mara moja kwa kifua, na mlio wa mpira ule mgumu kifuani pake niliusikia nilipokaa. Kisha wapinzani wakapewa kona fupi. Asiyeijua hoki ajue kwamba kona fupi ni adhabu ya kikatili. Mshambuliaji hupewa mpira bure kwenye mstari wa mwisho, wenzake wakamngoja juu ya duara na magongo yao tayari, na golini wanabaki walinzi watano tu, kipa akiwa mmoja wao. Ammi Khalfan alisimama kwenye nguzo, upande wa kushoto wa baba. Mpira ukatolewa, ukasimamishwa, ukapigwa. Baba alikwishaanza kwenda chini kulia, ndiko ulikokuwa unakwenda. Ammi Khalfan alikuwa ametoka nguzoni mbio kuuzuia, ukamgonga mguuni, ukageuka, ukaingia kushoto.

Mguu ule wa Ammi Khalfan waliuona watu wachache sana. Mimi sikuuona. Nilichoona ni baba amelala kulia na mpira umelala kushoto, na kwa aliyekaa jukwaani hiyo ni picha ya kipa aliyepotea njia. Tulifungwa moja kwa bila.

Garini bibi alimwangalia mwanawe akivua glavu, akamwambia kwa utulivu, "Nna miaka yangu, lakini kuhesabu bado najua. Mlikuwa kumi na mmoja. Wale kumi uliwapitaje mpira ule?"

Baba akasema, "Mama, tuachane nao." Akawasha gari.

Siku ya tatu yake, khalo wangu, kaka wa mama aliyekaa Al Khoudh, alitupatia mashine ya kufulia. Yeye alikuwa amepata mpya, hii yake ya zamani ilikuwa inamzidi nafasi. Aliileta kwa pikapu, wakaiweka uani chini ya kibanda. Mpaka siku hiyo mama alikuwa anafua kwenye beseni. Mimi niliiona mashine ile kama ngamia mweupe aliyeletwa zawadi. Sikujua kutu ni nini wala sikuuliza kwa nini imefungwa kamba kiunoni. Nilijua tu kwamba jana hatukuwa nayo na leo tunayo.

Na siku hiyohiyo, ndani ya gari la skuli, Zuwena akaninong'oneza kwamba watu wanasema baba yangu kauza mechi.

Nataka nieleze vizuri nilivyofikiri, kwa sababu tangu siku hiyo nimepata muda mrefu wa kulifikiria. Nilijua kuuza. Mwaka uliopita baba aliuza gari letu la zamani, na lilikuwa jambo la furaha: mnunuzi alikuja, wakapeana mikono, wakanywa kahawa, mama akapika. Mtu anauza kitu chake akapata kitu kingine. Mechi, kwa akili yangu, ilikuwa kitu cha baba. Alikuwa anakwenda nacho kila Ijumaa kwenye begi. Kama kaiuza, basi imeshapata mwenyewe, na ndiyo maana baba amekaa kimya hivi, ameikumbuka, kama alivyolikumbuka lile gari. Na nikaunganisha la pili mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

"Ndiyo," nikamwambia Zuwena, kwa fahari. "Kauza. Tumepata mashine ya kufulia."

Ndani ya siku mbili maneno yangu yaliizunguka Bawshar yote. Muuza samaki akawa anampa baba samaki wa juu, bila kumchagulia. Mama akaenda kwenye maulidi ya jirani, wanawake waliokaa karibu naye wakakumbuka kuwa wana haja sehemu nyingine. Hakuna aliyemwambia kitu. Hilo ndilo linaloudhi zaidi mpaka leo: watu wote walikuwa na yakini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na swali. Mashine ilikuwa uani, nje, ukuta wenyewe unafika kifuani. Mtu angeweza kuchungulia.

Mwishowe aliyekuja kuuliza alikuwa Ammi Khalfan. Klabu ilimtuma. Alikuja baada ya Alasiri, akaketi majlisi na baba, akanywa kahawa vikombe viwili, akasifu tende, akauliza hali ya bibi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeegemea ukuta. Alizunguka sana kabla ya kufika. Hatimaye akasema kuna maneno, yeye binafsi hayaamini, lakini ni nahodha na lazima awapelekee watu jawabu. Ati kuna kitu kimeingia nyumbani baada ya fainali.

Baba hakuelewa. Kweli hakuelewa, aliuliza kitu gani. Ammi Khalfan akataja mashine ya kufulia, na sauti yake ile ya muadhini ikawa ndogo.

Mama alikuwa jikoni na alisikia. Aliingia amejitanda shela lake, akasimama katikati ya majlisi. Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Karibu uione," akamwambia.

Tukatoka wote uani, mama mbele, Ammi Khalfan nyuma yake, baba, mimi, na huko tukamkuta bibi amekaa kibandani anachambua mchele. Mama alimwambia mgeni ainame aangalie chini. Ammi Khalfan, mtu mrefu vile, akakunja kanzu yake akainama. Chini kulikuwa na kutu iliyokula bati mpaka likaonyesha ardhi. Ubavuni kulikuwa na picha za katuni walizobandika watoto wa khalo, nusu zimebanduliwa. Mlango ulifungwa kwa kamba ya kuanikia. Kisha mama akaichomeka kwenye umeme, akaiwasha tupu.

Mashine ile ilikuwa na tabia yake. Ikizunguka kwa kasi ilitetemeka, na ikitetemeka ilitembea. Ikaanza kutoka kibandani hatua kwa hatua, ikigonga sakafu, ikimfuata Ammi Khalfan, naye akarudi nyuma mpaka akafika ukutani. Watu wazima wanne na mtoto mmoja tuliitazama ikivuka uani.

"Iangalie vizuri, Khalfan," mama akasema. "Hii ndiyo bei ya mume wangu?"

Mama akaendelea. Akasema yeye alikuwa uwanjani pia, na macho anayo, na kama klabu inatafuta mguu uliotia mpira ule golini, basi usije kutafutwa katika nyumba hii, kwani mwenye mguu huo...

"Basi," baba akasema. Alimwekea mkono begani. "Basi, mama watoto. Mpira haukupigwa kwa makusudi, na mimi ndiye kipa."

Uso wa Ammi Khalfan nauona mpaka leo. Sikujua alikuwa na nini. Nilidhani anaiogopa mashine.

Bibi ndiye aliyeuliza swali la maana: nani kasema habari ya mashine? Ammi Khalfan akatazama chini, akajibu kwamba kalisikia kwa Zuwena, na Zuwena kaambiwa na mtoto wa nyumba hii. Wote wakanigeukia. Mama akazima umeme, mashine ikasimama katikati ya ua.

Baba akachutama mbele yangu. "Ulisema?"

Nikasema ndiyo.

"Ulikusudia nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia nilidhani kaiuza mechi kama alivyoliuza lile gari, na kwamba mashine ni nzuri kuliko mechi, kwa sababu mama haumwi tena na mikono. Nikamwambia asisikitike, atapata mechi nyingine.

Sijui nilitegemea nini. Baba alinitazama, kisha akaanza kucheka, polepole kwanza, halafu akakaa kitako sakafuni kabisa akicheka, na bibi naye akashika mbavu, na mwisho mama akageuka ukutani, mabega yakimtetemeka. Ilikuwa mara ya kwanza baba kucheka tangu fainali. Ammi Khalfan peke yake hakucheka. Alipotulia baba, alimshika mkono akamwomba radhi, akasema kesho mbele ya watu wote atalifuta neno lile. Baba akamwambia limekwisha. Jioni hiyo akanikalisha akanieleza kuuza mechi ni nini, taratibu, bila kunilaumu hata kidogo. Mimi nililia usiku kucha hata hivyo.

Ammi Khalfan alitimiza. Alilifuta klabuni, alilifuta sokoni, alilifuta barazani msikitini. Ndani ya mwezi hakuna aliyesema tena kwamba Suleiman kauza. Nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Kumbe watu wakinyang'anywa sababu moja hutafuta nyingine, na waliyoipata ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haina wa kuikanusha. Wakasema Suleiman ni mwaminifu, ndiyo, lakini ana moyo mdogo. Mechi ndogo anazimudu, kubwa zinamshinda. Ni kipa wa ligi. Likawa jina lake. Hata watoto skuli waliniita binti wa kipa wa ligi, na mimi nikarudi nyumbani kumuuliza bibi kama ni tusi, kwa sababu masikioni lilikuwa linapendeza.

Bibi alifikiri kidogo. "Si tusi," akasema. "Ila nilipata kumpiga mtu kofi kwa dogo kuliko hilo."

Mechi kubwa zilizomshinda zilikuwa ngapi? Moja. Nusu fainali ya mwaka ule ule alizuia mikwaju miwili ya penalti, na hiyo nayo ilikuwa mtoano. Nilipokuwa mkubwa niliwahi kumkumbusha mzee mmoja wa klabu. Akanijibu kwamba ah, ile ilikuwa nusu fainali tu. Mtu kama huyo utamwambia nini?

Msimu uliofuata baba alidaka tena ligi nzima, na akadaka vizuri kuliko mwanzo. Klabu ikaingia nne bora. Wiki ya nusu fainali Ammi Khalfan akaja tena majlisi. Safari hii hakuzunguka, na sikuweza kumchukia, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu aliyeamriwa kubeba kitu asichokipenda. Akasema kamati imeamua kumtumia kipa mwingine katika mtoano. Walikuwa wamemchukua bwana mmoja kutoka klabu nyingine, mkubwa wa mwili, aliyewahi kushinda kikombe. Baba angekaa benchi, avae, akae tayari.

Baba akamshukuru kwa kuja mwenyewe.

Mama aliipiga pasi jezi yake vilevile, kwa nguvu hata pasi ilikuwa inagonga meza. Bibi alisema klabu imemfanya mwanawe mwavuli wa kinyume: isiponyesha wanamchukua, mvua ikija wanamwacha nyumbani. Mimi nilimwambia asiende. Nilimwambia kwa dhati, nimemshika mkono, kwamba kama hawamtaki siku ya mvua wasimpate na siku ya jua. Akasema amewaahidi. Neno hilo tu.

Kwa hiyo nikamwona baba yangu amekaa benchi na pedi zake zote, kofia ya chuma magotini, jua la Alasiri likimpiga usoni. Kipa hawezi kujinyoosha akivaa vile. Hukaa kama mgonjwa aliyetiwa plasta. Watu walipita mbele yake na chupa za maji. Bibi alikuwa garini, lakini safari hii alikuwa ameshusha kioo.

Yule bwana mkubwa alifungwa la kwanza mapema. La pili lilipita baina ya miguu yake. La tatu sikutaka kulitazama, nikalijua kwa makelele. Mapumziko yalipofika ilikuwa tatu kwa bila, na yeye akatoka ameshika paja, akasema limembana. Labda lilimbana kweli. Ammi Khalfan akaenda benchi, akainama kwa baba. Sikusikia alichosema. Nilimwona baba anavaa kofia, anakaza mikanda ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anaondoka taratibu kwenda golini, anagonga nguzo kwa gongo lake, huku na huku, kama anavyofanya kila siku.

Kipindi kile cha pili nakijua chote. Wapinzani walikuwa wamenoga, wanataka la nne na la tano ili wapate la kusimulia. Mshambuliaji wao akabaki peke yake na baba. Baba akamtokea hatua tatu, nikafunga jicho moja pale nilipokaa, na goli lote likapotea nyuma yake. Mpira ukampiga pajani ukatoka. Kona fupi ya kwanza aliitoa kwa glavu. Ya pili alilala kiubavu, pedi zimepangana kama ukuta wa matofali, mpira ukagonga ukarudi. Ya tatu ilimpiga vidole vya mkono wa kulia kwenye nguzo, nikamwona anautikisa mkono mara moja, basi. Hakuna aliyeshangilia sana. Timu yetu ilikuwa imeshakufa, watu walikwishaanza kutafuta funguo za magari. Karibu na mwisho, nilipogeuka nyuma, bibi alikuwa ameshuka. Amesimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya mlango uliofunguliwa, ananyoosha shingo aone.

Ikaisha tatu kwa bila. Katika kipindi chake hakuruhusu hata moja.

Tulipokuwa tunatoka maegeshoni, gari likiwa kwenye foleni, mwanamume mmoja tuliyemfahamu kwa sura alipitisha kichwa kwenye dirisha la baba. Alikuwa amefika amechelewa, au hakufika kabisa. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Suleiman. Tatu leo?"

Baba akamjibu, "Tatu."

Yule mtu akasema mtoano ni mtoano, akalipigapiga paa la gari, akaenda zake. Na hivyo ndivyo ilivyobaki. Ulizeni. Mwaka wa kwanza alifungwa fainali, mwaka wa pili akafungwa tatu nusu fainali. Kipa wa ligi. Jina la yule bwana mkubwa hakuna anayelikumbuka. Yale magoli matatu yakaandikwa kwa baba yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia saini, dirishani, mbele yangu.

Nilipasuka. Nilimpigia makelele baba yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimuuliza kwa nini kasema tatu. Hayakuwa yake, nimehesabu, yake ni sifuri. Na kwa nini aliingia? Walimwacha benchi, wakaharibu wenyewe, mechi ilikuwa imekufa, angewaambia hapana wafungwe kumi ndipo wajue. Bibi, kiti cha mbele, hakunikataza. Nadhani alitaka jawabu yeye pia.

Baba aliliondoa gari kwenye foleni akalisimamisha pembeni. Akageuka nyuma akanitazama. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeshavimba, na ngozi imeanza kuwa ya zambarau.

"Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano," akasema, "na goli lilikuwa wazi. Ulitaka nimwachie nani?"

Nililia kwa hasira, machozi mpaka kidevuni, nikasukumana na mkanda wa gari uliokuwa umenilegea. Baba akajinyoosha baina ya viti, akauvuta mkanda kwa vidole vile vilivyovimba, akalikosa tundu mara mbili, mara ya tatu ukaingia. Akaujaribu kama umeshika. Kisha akarudi mbele, akasubiri mtu atupishe, tukaenda nyumbani.